Zhe Mbili za Zhivka

Kitu cha kwanza nilichokiona kwa Mwalimu Nevena Garvalova ni kidole chake cha shahada. Hakikutulia. Hata kwenye foleni ya mkate kilichora herufi kubwa hewani, tena kinyumenyume, ili mtoto anayemtazama aione sawasawa. Nilikuwa ndiyo kwanza nimetoka chuoni, nimepangiwa kumsaidia kufundisha darasa la kwanza katika mji wetu kando ya Mto Danubi.

Mwaka huo herufi moja ilikishinda kidole hicho. Zhe kubwa ya alfabeti yetu ni kama mende aliyelala chali: mgongo katikati, miguu huku na huku. Jina la mwanafunzi wetu Zhivka huanza nayo, na kwenye Sikukuu ya Herufi kila mtoto huandika ubaoni, mbele ya wazazi, herufi kubwa ya jina lake. Asiyeweza hupewa ya karatasi aishike. Mwalimu Nevena hakuwahi kumpa mtoto yeyote karatasi. Na mama yake Zhivka, mchuma stroberi huko Uhispania, alikuwa anakuja kwa basi kwa ajili ya siku hiyo tu.

Shida ilikuwa nyumbani. Bibi Tsona, mlezi wa mtoto, alimfundisha Zhe ya zamani, yenye mikia iliyojikunja kama masharubu. Zhivka alianza na mguu wa shuleni, akamalizia na mkia wa nyumbani, kisha akafuta mpaka karatasi ikatoboka.

Mwalimu akamvizia bibi langoni.

"Bibi Tsona, nakuomba, hiyo Zhe niachie mimi."

"Ya kwako imekonda, mwanangu. Kama huyu msaidizi wako."

"Si suala la unene! Mtoto anachanganyikiwa."

"Kamasi zako nimezifuta mimi, Nevena. Leo unanifundisha kuandika?"

"Kamasi zilikwisha, bibi. Zhe ndiyo haiishi!"

Bibi alicheka, akaondoka na mjukuu. Mwalimu akalipiga lango teke, kisha akageuka kuona kama watoto wamemwona. Walikuwa wamemwona.

Nilimkumbusha njia niliyojifunza chuoni, ya kufinyanga herufi kwa udongo.

"Tulishafinyanga," alinijibu kwa ukali. "Kafinyanga ya bibi yake."

Siku moja kabla ya sikukuu, Zhivka alivunja penseli akajificha chini ya dawati. Mwalimu aliniagiza nikate Zhe ya karatasi, bila kunitazama usoni. Kisha akapiga magoti sakafuni.

"Haya, mkaidi wangu. Andika yoyote. Ila iwe moja."

Siku ilipofika, basi lilichelewa. Wenzake wote walishaandika. Zhivka alisimama ubaoni, chaki mkononi, hasogei.

"Andika, roho yangu," bibi alimhimiza kutoka kiti cha mbele.

"Mama bado."

Mkuu wa shule alikohoa, akatazama saa. Nikaifungua droo yenye ile karatasi. Mwalimu Nevena akaifunga kwa nyonga yake, nusura anibane vidole.

"Tunasubiri," alisema.

Honi ikalia nje. "Basi hilo!" mtu alipiga kelele dirishani. Tukasikia viatu vikipanda ngazi mbiombio. Kidole cha mwalimu kilianza kuinuka chenyewe. Akakikamata kwa mkono wa pili, akakificha mgongoni. Bibi Tsona naye aliacha kutafuna peremende yake. Kitasa kikazunguka, na Zhivka akaugeukia ubao, akainua chaki.