Kimya cha Dunguni

Makopo matupu yakigongana popote, hata jikoni kwangu, mimi hunyanyua kichwa kutafuta ndege. Vidole vya mkono wangu wa kushoto vinajikunja vyenyewe, kama vimeshika gitaa. Mume wangu ameshazoea. Wewe msomaji nitakueleza, ila usinionee huruma, maana nilifanya kusudi.

Mama yangu alikuwa muuguzi, mtu wa bara aliyehamishiwa Kibiti nikiwa mdogo. Nilipofika miaka kumi na miwili nilikuwa napiga gitaa la solo kwenye kwaya ya kanisa letu, msichana peke yangu kati ya wapiga vyombo. Vidole vyangu vilikuwa vyepesi, na mdomo vilevile. Mwalimu wa kwaya alipenda wepesi wa vidole. Kila baada ya ubeti alinipa nafasi, akataka niijaze noti pomoni. Gitaa likinyamaza, alisema, watu watajua umesahau.

Likizo ya mwezi wa sita, mpunga ulipoanza kuiva, mama alinituma bondeni kwa jirani yetu, Mama Zuhura, nikamsaidie kuamia ndege wasiumalize mpunga wake. Tulishinda juu ya dungu, kibanda chenye miguu mirefu katikati ya shamba, na kamba zenye makopo zilitoka pale kwenda kila upande. Harufu ya mpunga na matope ilikuwa inapanda na joto. Nilivuta kamba tangu asubuhi bila kupumzika, huku nikipiga mayowe. Kufikia adhuhuri sauti ilikuwa imenikauka, na kwelea wanakula chini ya makopo yangu bila wasiwasi wowote. Mama Zuhura alicheka mpaka khanga ikamdondoka begani.

“Nyie watu wa bara kelele hazikuisheni,” alisema. “Ndege kashakuzoea, we mtoto. Nyamaza kwanza. Mwache ajiulize umekwenda wapi.”

Akaendelea kuchambua kisamvu. Kimya kilirefuka hadi nikaanza kuogopa mimi. Kisha akatoa ukelele mmoja mfupi, mwisho wake akaupandisha juu, na kamba akaivuta mara moja tu. Kundi zima likainuka. Yeye akarudi kwenye kisamvu chake.

Likizo nzima nilijifunza ukelele ule: wapi pa kuanzia, wapi pa kuvuta, wapi pa kukata. Niliporudi nyumbani nikautafuta kwenye gitaa. Niligundua kwamba uzi ukisukumwa kando kwa kidole sauti inapanda taratibu, vilevile kama ya Mama Zuhura, na kwamba noti tatu zilizopewa pumzi zinasema kuliko thelathini zinazokimbizana.

Mwalimu hakutaka kusikia. Kwenye mazoezi alinisimamisha mara nne, halafu akanionya mbele ya wenzangu: nikiacha pengo siku ya tamasha la kwaya, gitaa atapewa mwingine, na mimi nitarudi kuimba sauti ya kwanza. Nililipenda gitaa lile kuliko nguo ya sikukuu. Nikajibu ndiyo, Mwalimu. Ndiyo ile iliishia mdomoni.

Siku ya tamasha kanisa lilijaa mpaka madirishani. Ubeti wa pili ulipokwisha nilipiga noti tatu, nikauvuta uzi wa mwisho, nikanyamaza. Niliuona uso wa Mwalimu ukikunjamana. Nikavuta pumzi mbili. Mtoto aliyekuwa akilia mgongoni mwa mama yake alinyamaza, na wanawake waliokuwa wakijipepea waliacha. Hapo nikatoa ukelele wangu kwenye gitaa, mmoja tu, na kanisa lote likainuka.

Jumatatu nilinyang'anywa gitaa. Nililia, sitaficha. Mama alinisihi nikaombe radhi, akanikumbusha kwamba mkono usioweza kuukata, ubusu. Sikuubusu. Niliimba sauti ya kwanza mwaka mzima, na huko nako nikapumua nilipotaka.

Nimekuja kuelewa ukubwani kwamba Mwalimu hakuwa mtu mbaya. Aliogopa tu. Ukinyamaza mbele za watu wanapata nafasi ya kukutazama, wakajua kama una la kusema au huna. Leo gitaa ndiyo kazi yangu, na bado wapo wanaonitaka nijaze. Mama Zuhura mwenyewe hajawahi kunisikia. Kwake gitaa ni debe lenye nyuzi. Lakini ikifika zamu yangu, nanyamaza kwanza. Waache wajiulize nimekwenda wapi.