Kontena Moja, Wenye Mali Sita

Mwanaheri Kondo alikuwa mpiga chapa, tena wa kweli, wa kupiga ukurasa mzima huku anajibizana na mtu mlangoni. Ofisi ya Bwana Valerian pale Kurasini ilikuwa ya kutoa mizigo bandarini, na karatasi zote za forodha zilipita mikononi mwake. Kompyuta ilipoletwa, wenzake waliifunika kitambaa cha kufuma na kuiogopa. Yeye akaifunua. Akajiandikisha masomo ya jioni, akaazima kitabu cha Java, lugha ya kuandikia programu, kwa binamu yake wa chuoni, na kitabu hicho binamu alishakikatia tamaa.

Mwaka tisini na tisa ndipo ilipokuja habari ya XML, mtindo mpya wa kupanga habari kwa alama. Wakala wa meli kule Dubai aliacha kutuma orodha za shehena kwa faksi, akaanza kutuma faili kwa barua pepe. Ukilifungua, macho yanakutoka. Kila habari imewekewa alama ya kuifungua na alama ya kuifunga, na ndani ya alama mna alama nyingine, kama sufuria za dukani zinavyopangwa kubwa ikimeza ndogo. Meli ina makontena, kontena lina mzigo, mzigo una jina la mwenye mali. Makarani walilisoma hilo faili kwa macho, wakikodoa, kisha wakayachapa upya maneno yote kwenye programu ya ofisi.

Mwanaheri aliona huo ni upuuzi mtupu. Kompyuta imeshaleta maneno, kwa nini mtu ayachape tena kwenye kompyuta ile ile? Akamfuata bosi wake, akamweleza kwamba anaweza kuandika programu ya kusoma alama zile na kutengeneza, ndani ya mashine, kitu kinachoitwa Kontena. Kitu hicho kitakuwa na namba yake, lakiri yake na mzigo wake. Ukikiuliza mali ni ya nani, kinajibu. Ukikiambia kijichape kwenye karatasi ya forodha, kinajichapa.

"Kinajichapa chenyewe?" aliuliza Bwana Valerian. Alikuwa mtu wa Masasi, mpole, lakini si wa kulishwa maneno.

"Chenyewe, bosi."

"Sikiliza, binti. Kuna kampuni moja ya mjini imeshaniletea programu yao niitazame. Nakupa meli moja. Yako ikisoma sawasawa, wewe ndiye mtu wa kompyuta hapa. Ikikosea nachukua ya kwao, wewe unarudi kwenye mashine yako ya chapa, na habari hii tusiizungumze tena."

Usidhani alilala vizuri siku hizo. Kitabu kilikuwa na mfano mmoja mzuri, wa oda na mteja wake, naye akaufuata hatua kwa hatua, penye oda akaweka kontena, penye mteja akaweka mwenye mali. Akaujaribu kwa faili la mfanyabiashara wa matairi. Kila kontena likatoka na mwenyewe, safi kabisa. Mwanaheri akacheka peke yake ofisini, makarani wakatazamana.

Meli ya majaribio ikafika. Asubuhi hiyo aliiendesha programu mbele ya bosi, printa ikaanza kukoroma, karatasi zikatoka zimejaa vizuri. Bwana Valerian alipiga mluzi. Akazitia kwenye bahasha ya kupeleka forodha alasiri, akampa Mwanaheri mkono, jambo ambalo hakuwahi kumfanyia mpiga chapa yeyote. Furaha aliyokuwa nayo haielezeki.

Karibu na saa sita, akaingia shangazi yake, Bi Rukaiya, kutoka Mwananyamala, amejifunga khanga mbili na jasho linamtiririka.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba mwanangu. Nimekuja kuulizia vyombo vya arusi ya Najma. Mashaka kaniambia vimo kwenye meli hii." Najma alikuwa binti yake, na Mashaka, kaka wa Najma, alikuwa akifanya kazi Dubai.

Mwanaheri alitabasamu kwa madaha. Siku hiyo alikuwa na jibu la kila kitu. Akaandika jina la shangazi kwenye programu yake, akasubiri, akaandika la Mashaka, akasubiri tena.

"Shangazi, mzigo wako haumo."

"Haumo vipi? Mie jana nimeongea naye kwa simu! Katia jokofu, zulia na seti ya vyombo, kontena moja na kina Nassibu na Mudathir. Si wamechanga? Au umesahau sie tunavyoagizaga?"

Mwanaheri asahau vipi? Televisheni ya kwao ilikuja hivyo hivyo. Siku ya kufungua kontena la pamoja, mtaa mzima ulikuwa unafika, kila mtu anatafuta jina lake kwenye maboksi kwa kelele na vigelegele, na yeye mwenyewe alishabeba godoro kichwani akitoka huko. Lakini alipokaa kuandika programu, alimfuata mwandishi wa kitabu, ambaye hakuwahi kuchangia kontena na mtu.

Akafungua faili lenyewe, lile la alama. Ndani ya kontena moja kulikuwa na mizigo sita. Programu yake ilikuwa imetenga nafasi ya mzigo mmoja tu, basi kila mzigo uliosomwa ukautoa uliotangulia na kukaa mahali pake. Wa mwisho ulikuwa wa Mudathir. Bila kujua, Mudathir alikuwa amekuwa tajiri wa kontena zima, pamoja na jokofu la Najma.

Bahasha ilikuwa mezani kwa bosi, na bosi alikuwa ametoka kula. Wazo likampitia: arekebishe upesi, abadilishe karatasi, nani atajua? Lilimkaa kichwani kwa muda, tusimsingizie utakatifu. Halafu akamkumbuka yule mtu alivyompa mkono, akaona aibu. Bwana Valerian aliporudi, alimkuta amesimama mlangoni.

"Bosi, imekosea," alisema. Akaeleza yote, shangazi akiwa pembeni anatikisa kichwa.

Bwana Valerian aliichukua bahasha, akaipima mkononi. "Unaweza kuirekebisha kabla sijaenda forodha?"

"Naweza."

Akakaa. Palipokuwa na nafasi ya mzigo mmoja akaweka kapu, ili kila mzigo unaosomwa uingie juu ya wenzake badala ya kuwatoa. Halafu akaiambia programu ipite kwenye kapu zima, imtaje kila mtu kwenye karatasi. Vidole vyake vilikuwa vya mpiga chapa, havikupotea njia. Akaiendesha tena. Printa ikakoroma, na Bi Rukaiya akajisogeza mpaka pua ikakaribia karatasi.

"Nassibu huyo, wa Temeke. Marijani. Flaviana ndiye yule muuza vitenge, mpangaji wa Nassibu. Margareta simjui. Mimi huyu hapa! Mudathir. Ehe, sasa tumetimia."

Bwana Valerian alilinganisha karatasi na faili, jina kwa jina. Mwanaheri alikuwa ameshaanza kuitazama mashine yake ya chapa pale pembeni, akijiandaa.

"Ile ya kampuni ya mjini," alisema bosi hatimaye, "nikiichukua, nayo ikakosea, nani atakuja mlangoni kuniambia?"

Akamwangalia Bi Rukaiya na khanga zake.

"Na hata wakitaka kuniambia, watajuaje? Wana shangazi, wale?"

Akaiendea mashine ya chapa, akainyanyua mwenyewe kwa mikono miwili, akaipandisha juu ya kabati. Mwanaheri alilia palepale, bila kujificha, na makarani wakajifanya wanatafuta vitu chini ya meza.

"Haya, mtu wa kompyuta, kulia baadaye," alisema Bi Rukaiya, akimfuta uso kwa ncha ya khanga. "Niambie kwanza, jokofu langu linatoka lini?"