Bunduki Niliyoitia Komeo

Asubuhi ile mimi na Bakari tulikunywa chai ya rangi na mihogo ya kuchemsha, kambini Likoni. Vita vilikuwa mbali. Kazi yetu ilikuwa kulinda mizinga iliyoelekezwa baharini, na adui hatukuwahi kumwona. Bakari alikuwa mtu wa Bofu, karibu na kambi. Mimi nilitoka Frere Town, Mkristo, lakini mamake Bakari, Bi Zuhura, alinihesabu mwanawe. Akituma mkate wa sinia, alituma wa watu wawili.

Bunduki zetu zilikuwa mpya, zimeshushwa melini juzijuzi. Tuliamriwa kuzibeba zikiwa na risasi, ila tuzitie komeo, kile chuma kidogo kinachozuia kifyatulio.

Lori la saruji likaja, tukaitwa kupakua.

"Kenga, umetia komeo?" Bakari aliniuliza.

"Nimetia. Tazama."

Akatazama. Nikaiegemeza bunduki kwenye tairi.

Iliteleza. Kitako kikagonga jiwe.

Ikalia.

Bakari aliketi chini taratibu, kama mtu aliyechoka. Nilipomfikia alikuwa hanijui tena.

Nikawekwa ndani. Siku ya kesi, ofisa wetu Mzungu aliichukua bunduki ile ile, akatoa risasi, akatia komeo kwa mkono wake, akagonga kitako sakafuni. Tukasikia kifyatulio kikijiachia. Akagonga tena. Ikawa vile vile. Akachukua ya askari wa mlangoni, nayo ikafanya hivyo hivyo.

Akamrudishia askari bunduki yake, akaniambia, "Huna hatia. Hii ni kasoro ya kiwandani."

"Basi, afande, wenye kiwanda wataitwa?"

Alinitazama kwa huruma. "Kuna vita. Zinahitajika bunduki."

Tukaamriwa tusizitie risasi mpaka tumwone adui. Hilo tu. Bunduki zikabaki mikononi mwetu, na yangu nikarudishiwa.

Nilipoachiwa nilikwenda Bofu. Maziko yalikuwa yamekwisha pita. Bi Zuhura alikuwa ukumbini na jamaa zake.

"Shikamoo, mama."

Akanionyesha mkeka. "Marahaba."

Nikamweleza yote: komeo, jiwe, maneno ya ofisa. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Wallahi nakusadiki," akasema. "Na hao walioitengeneza, ni nani?"

"Hatukuambiwa, mama."

"Wana jina?"

"Lazima wanalo."

"Hatulijui. Lako twalijua." Akajifuta uso kwa upindo wa leso. "Watu watataja wanalolijua, mwanangu. Sitaweza kuwazuia."

Hakuweza. Vita viliisha, nikavua sare, nikaoa, nikapata kazi ya useremala Changamwe. Bi Zuhura alinipokea kila Idi mpaka alipofariki, na jeneza lake nililibeba pamoja na wenzangu. Kiwanda kile, kwa nijuavyo, hakuna aliyekiuliza neno. Nami sasa ni mzee, nimechoka kueleza. Mpaka leo, ukiuliza kule Bofu, Bakari alikufaje, wataingia ndani wakuletee kiti, wakwambie kwa upole: alipigwa risasi na Kenga.