Masizi ya Kila Asubuhi

Kila asubuhi, akishaoga na kabla ya kubandika chai, Vasanti Jagtap alikwenda uani, akafunua turubai la gari na kuketi kwenye kiti cha dereva ambacho bado kilikuwa na nailoni ya dukani. Alizungusha ufunguo nusu, akangoja ile taa ndogo ya manjano izimike, kisha akawasha injini.

Ndivyo ilivyokuwa kwa muda mrefu, tangu mumewe alipoanguka.

"Usikanyage mafuta," mumewe, Yashwant, alizoea kusema kutoka barazani.

"Sijagusa kitu."

"Nasikia umegusa."

Kiharusi kilimchukua upande mzima wa kushoto na nusu ya ulimi, ila masikio hakikuyagusa. Alikaa kwenye kiti cha plastiki, mkono mmoja umelala mapajani kama mzigo aliowekewa na mtu, mwingine ukigongagonga kwenye egemeo la kiti, akisikiliza dizeli inavyopigapiga. Vasanti alizungusha udi mbele ya usukani, akauchomeka kwenye dashibodi, akarudi jikoni. Injini iliendelea kunguruma palepale, vyungu vya mrihani vikitetemeka ukingoni mwa baraza, hadi chai ya mzee ilipokwisha. Hapo alizima na kulirudishia gari turubai lake. Lilikuwa halijasogea hata hatua moja.

Hapa mjini kwetu Karad hakuna aliyeona ajabu. Nusu ya mtaa wetu hufanya vivyo hivyo kwa magari ya watoto walioko mbali. Gari linaamshwa, linafukiziwa udi, linalazwa tena, na mwenye nyumba anaingia ndani akijiona ametimiza wajibu.

Yashwant alikuwa muuza pampu. Maisha yake yote ya kazi aliyapitisha kwenye mashamba ya miwa kutoka huku kwetu hadi mpakani kusini, daima kwenye gari dogo, daima la dizeli. Nyumbani hakuweza kutulia. Alikula amesimama, huku ufunguo ukining'inia kidoleni. Akikutana na mtu mwenye gari, kabla ya kumjulia hali alimuuliza linakwenda kilomita ngapi kwa lita, na jibu likiwa dogo alimtazama kwa huruma kama aliyeoa vibaya.

Vasanti alikuwa mtu wa kufunga geti. Alizijua barabara kwa tope tu. Kwenye magurudumu kukiwa na udongo mwekundu, alijua mume wake alikuwa milimani magharibi. Ukiwa mweusi na wa kunata, alikuwa kandokando ya mto. Aliuosha kwa mpira wa maji, ukatiririka hadi mtaroni, na huo ndio uliokuwa usafiri wake. Mtoto wao Tushar alipokwenda chuo, Vasanti alijiandikisha shule ya udereva kimyakimya, akafaulu. Siku aliyoonyesha leseni, Yashwant alicheka mpaka akakohoa. "Klachi ya dizeli ni ngumu, Mama Tushar. Utaivunja kabla hujatoka getini." Leseni ikaenda kulala kabatini chini ya sari za harusi, na alipokwenda kuihuisha ilipokwisha muda, hakumwambia mtu.

Mume alipoanguka, watu walidhani sasa Vasanti naye atapumzika, kwa kuwa hakuna tena wa kumsubiri. Ikawa kinyume. Aliinuka katikati ya chakula kwenda kuangalia geti ambalo halikubishwa. Alipanga mitungi ya viungo kwa ukubwa, kesho yake akaipanga kwa rangi. Jioni alitembea hadi mwisho wa mtaa na kurudi, bila kitu cha kununua, na majirani wakimuuliza anakwenda wapi alisema, "Hapo tu." Hata usingizini miguu yake ilisugua shuka.

Kisha taa ikawaka kwenye dashibodi, na injini ikaanza kukoroma kama mtu mwenye mafua.

Dilawar Shikalgar, fundi wao wa miaka mingi, alikuja na pikipiki yake. Alifungua boneti, akanusa, akasema ni maji kwenye dizeli. Alibadilisha chujio, taa ikazimika, akanywa chai, akaenda zake. Wiki haikuisha, taa ilirudi, safari hii na mwenzake.

Usiku huo huo Tushar alipiga simu kutoka Pune. Aliposikia, alishusha pumzi.

"Mama, uzeni. Gari linakaa tu linaoza. Nina mtu hapa ofisini, analitaka, nami ningependa tumalize sikukuu ya Dasara. Anasema siku hiyo ina heri ya kununua gari."

"Baba yako anaisikiliza kila asubuhi."

"Nitamnunulia redio, mama."

Vasanti hakucheka. Alikata simu, akasimama gizani uani huku kiganja chake kikiwa juu ya turubai. Alijiuliza kwa nini linamuuma hivyo. Si gari lake. Hajawahi kulipeleka hata sokoni. Lakini alijua kwamba likitoka kwenye geti lile na mtu mwingine, atabaki na mitungi ya viungo mpaka kufa.

Dilawar alirudi siku mbili kabla ya Dasara, amechoka. Kwetu siku ile kila chombo cha kazi huoshwa na kuvishwa maua, na hakuna anayetaka kuvisha maua gari bovu, kwa hiyo gereji yake ilikuwa imejaa hadi barabarani. Alilala chini ya gari muda mrefu. Alipotoka, alikuwa na weusi hadi kwenye nyusi.

"Nilikosea, shemeji. Si maji. Hebu niambie, hii gari mara ya mwisho ilienda wapi?"

"Haijaenda popote."

"Tangu kaka aanguke?"

"Naiwasha kila siku," Vasanti alijitetea. "Kila siku ya Mungu. Sijaruka hata moja."

Dilawar alikaa chini palepale kwenye saruji, akaanza kucheka. "Basi ndiyo hiyo! Mmeigeuza mungu wa sebuleni. Udi na maua, safari hakuna. Hizi dizeli za siku hizi, shemeji, zina kichujio cha masizi kwenye bomba la moshi. Kinajisafisha chenyewe, lakini mpaka gari likimbie, bomba lishike moto sawasawa, masizi yaungue. Ukiiwasha imesimama, unailisha moshi wake yenyewe. Kila asubuhi kijiko kimoja."

Barazani kidole cha Yashwant kiliacha kugonga.

"Upuuzi," alisema, maneno yakimtoka yamepinda. "Magari yangu yote niliyaamsha hivyo."

"Yale ya zamani yalitema masizi yake usoni mwa watu, kaka. Hili lina adabu, linameza."

"Dawa yake?" Vasanti aliuliza.

"Barabara kuu. Mwendo mzuri, gia ya tatu, sindano ya mizunguko ya injini isishuke chini ya katikati, mpaka taa zizimike, halafu uongeze kidogo. Likiachwa hivi wiki nyingine litakataa kabisa, na hapo kichujio kipya, ambacho mkisikia bei mtaliuza kwa mwenye mizani ya vyuma chakavu. Mimi nitaliendesha, lakini baada ya sikukuu. Sasa hivi hata kuoga sina nafasi."

"Baada ya sikukuu litakuwa la mtu wa Pune," Vasanti alisema. Kisha, kwa sauti ambayo hakuitegemea, "Mimi nina leseni."

Wanaume wote wawili walimgeukia. Yashwant alifungua mdomo kucheka, kicheko kikatokea upande mmoja tu.

Asubuhi ya Dasara aliliosha gari mpaka likang'aa. Alilivisha shada la maua ya njano, akalipaka manjano na unga mwekundu kwenye boneti, akavunja nazi, akaweka ndimu chini ya kila gurudumu. Miaka yote Yashwant ndiye aliyezikanyaga. Anayeziponda ndiye mwenye gari. Hakuna aliyelisema hilo, lakini sote tunalijua. Tushar alikuwa amepiga simu: wako njiani, mnunuzi anaomba ndimu zisubiri.

Vasanti alimshika mumewe kwapani, wakaburutana hadi kiti cha kushoto. Alipumua kwa nguvu, akamfunga mkanda.

"Unanipeleka wapi?"

"Hapo tu."

Injini ilizimika mara ya kwanza. "Klachi," Yashwant alisema. Ikazimika mara ya pili. "Si nilikwambia? Mguu wa mpishi huo." Vasanti alivua ndala, akazitupa kiti cha nyuma. Mara ya tatu gari liliruka mbele kama mbuzi, ndimu zote nne zikapasuka kwa pamoja, harufu yake kali ikaingia dirishani, na wakatoka getini huku shada likining'inia upande.

Kwenye barabara kuu ya kusini lori la miwa lilimpigia honi hadi akajikunja. Gari lilikuwa zito, halitaki kupanda mwendo, kama mtu anayevutwa shati kwa nyuma.

"Tatu," Yashwant alisema. "Rudi tatu. Kanyaga."

"Ulisema nisikanyage."

"Kanyaga, mwanamke!"

Alikanyaga. Injini ikapiga kelele ambayo uani kwao haikuwahi kusikika. Miwa ilikimbia pande zote mbili. Nyuma yao moshi mweusi ulitoka, ukawa wa kijivu, kisha hakuuona tena. Harufu ya chuma cha moto ilipanda sakafuni. Pande za barabara udongo ulikuwa mweusi, na yeye aliutambua. Alikuwa ameuosha miaka mingi. Alipotazama dashibodi, taa moja ilikuwa imezimika. Karibu na njia panda ya Peth ikazimika ya pili, na gari likachomoka ghafla, jepesi, kama limeachiwa shati.

Yashwant alikuwa analia, au jicho lake bovu lilikuwa linatoa maji tu kwa upepo, hakumuuliza.

Simu iliita mapajani mwa mzee. Akaibonyeza kwa dole gumba.

"Baba? Tuko uani. Gari iko wapi? Mnunuzi anaona ndimu zilizopondwa tu hapa."

Yashwant alihangaika na ulimi wake. "Haiuzwi," alisema hatimaye. "Ina dereva."

"Dereva gani? Baba? Mpe mama simu."

"Mama yako anaendesha."

Mbele yao palikuwa na nafasi ya kugeuzia. Vasanti aliiona ikija, mguu wake mtupu ukiwa juu ya pedeli. Dilawar alisema taa zikizimika aongeze kidogo. Aliiacha ikapita.