Plagi ya Meno Mawili

Kila asubuhi, fundi hajamaliza hata kufagia kibanda, mzee mmoja huwa keshafika, ameikumbatia kompyuta aliyoinunua binti yake ughaibuni, ile iliyorudi pamoja na jeneza lake. Kwake mzee hakuna umeme. Plagi ina meno mawili, soketi za huku zina matundu matatu, basi huchomoa mfukoni kalamu iliyokwisha wino, akaisokomeza kwenye tundu la juu, ndipo plagi inapokubali kuingia.

"Mzee wangu, ipo siku umeme utakusalimia," fundi humtania. "Nikukatie hiyo, nikufungie ya huku."

"Usiikate, mwanangu. Hiyo ameishika yeye."

Betri ilishakufa, umeme ukikatika kompyuta huzima, naye husubiri, kalamu mkononi. Haandiki kitu, haangalii picha. Hupangusa kioo kwa kiganja, kisha hukodolea macho pembeni, penye saa. Leo fundi aliinama akaitazama.

"Kumbe iko nyuma! Niirekebishe?"

Mzee akamdaka mkono. "Iache. Ni saa ya kule. Kule bado hakujakucha. Mwache alale kidogo."