Abee Niliyoitika Houston

Mwaka jana, mchana kweupe, katikati ya Houston, mama yangu aliniita. Mama tulimzika Mwanakwerekwe, Unguja, mwaka juzi.

Msinicheke. Nisikilizeni kwanza.

Naitwa Badria, naishi Lewisville, mwendo wa saa nne kwa gari mpaka Houston. Kazi yangu ilikuwa kumhudumia Bibi Lien, mzee wa Kichina wa Carrollton, mji wa jirani. Kiziwi. Gari la zimamoto lipite na ving'ora vyake, yeye hana habari. Mie akinisoma midomo, na akiniita Badi.

Ukafika mwezi wao wa kulisha wafu. Akataka nim-drive mpaka Houston kwenye maandamano ya hekalu lao. Mie Muislamu, lakini kazi ni kazi.

Wanaume wamebeba sanamu ya mungu wao kwenye kiti, begani. Ngoma, udi, fataki. Sisi tuko nyuma, namsukuma Bibi kwenye kiti chake cha magurudumu.

"Badi," akaniambia, "wafu wasio na wa kuwalisha wanatufuata. Ukiitwa jina, usigeuke, usiitike. Ukiitika unaondoka nao."

Nikacheka kimoyomoyo. Makubwa haya!

Tukakata kona.

"Badria! We Badria!"

Jamani, mtoto aliyelelewa kwetu akiitwa na mamake hafikirii.

"Abee, mama!"

Ndipo nikakumbuka.

Bibi Lien, asiyesikia ngoma iliyo mbele yake, alikuwa kashageuka.

"Nani huyo anakuita?"

"Bibi, umesikia?"

"Badria!" Karibu zaidi sasa, hapa kisogoni.

Mdomo ukafunguka wenyewe, wallahi sikutaka. Bibi akanivuta, akaniziba kwa kiganja, akapaza sauti yeye:

"Abee!"

Hivyo hivyo, kama kazaliwa Unguja. Sikuitwa tena.

Alikuwa mama kweli, au kitu kilichoazima sauti yake? Mpaka leo sijui.

Usiku tulirudi Carrollton, na kesho yake asubuhi nilimkuta Bibi kwenye kochi lake, chai haijapoa. Keshakwenda. Nililia mpaka bintiye akawa ananibembeleza mie.

Juzi nilikuwa nakunja nguo, peke yangu nyumbani.

"Badi."

Haikuwa sauti ya mama. Na duniani alikuwa mmoja tu aliyekuwa akiniita hivyo.

Nawaambia, ukiitwa na usiyemwona, funga mdomo, hata awe mtu unayempenda. Mie nilifunga. Lakini roho inaniuma, maana siku ile yeye aliitika badala yangu.