Kitufe cha Hapana

Sipendi kuulizwa swali ambalo jibu langu halimo. Ukifungua programu siku hizi, inakurukia kabla hujaketi vizuri: tumekuletea mambo mapya, ungependa kuyapokea sasa au baadaye? Natazama huku, natazama kule. Hapana haipo. Aliyeandika swali hilo anajua neno hilo lipo duniani, hata mtoto anayejifunza kutembea analijua, lakini ameliacha nje makusudi. Mimi ni fundi wa programu. Nimekaa kwenye vikao ambamo maswali kama hayo hutungwa, na nawaambia si bahati mbaya.

Ndiyo maana brauza yangu, yaani ile programu ninayoingilia mtandaoni, haifanani na ya mtu mwingine. Orodha ya kurasa nimeitoa juu nikaiweka ubavuni. Kitufe cha duka nimeking'oa. Habari ambazo sikuziomba nimezifukuza, na maandishi nimeyapa rangi ya chai ya maziwa juu ya weusi, kwa sababu weupe ule wa kawaida unanichoma macho kama taa ya gari usoni. Tukiwa kwenye mkutano wa kazi nikiwaonyesha wenzangu skrini yangu, lazima mmoja atacheka.

"Aki wewe, hiyo browser umeitoa kwa mitumba Gikomba?"

"Eeh, na nikaipeleka kwa fundi," huwa nawajibu.

Fundi mwenyewe ni mama yangu. Kwa miaka mingi alikuwa na cherehani sokoni Thika, na kazi yake kubwa ilikuwa kurekebisha mitumba. Watu walimletea makoti yaliyofika magotini na suruali za watu wenye miguu ya twiga, na wengi wao walikuja kwa aibu, wakijieleza: mimi ni mfupi, mimi nimenenepa, mimi mabega yangu hayako sawa. Mami hakuwa na subira na maneno hayo. Alikuwa akivuta utepe wa kupimia kutoka shingoni na kuuliza, "Kwani huyo alishona alikupima? Simama wima." Nilipoanza kusomea kompyuta, nikiwa nimepanga chumba Kahawa Wendani na wenzangu watatu na sufuria moja, nilikuwa na swali hilo tayari kichwani. Mpaka leo sijapata lingine linalonifaa zaidi. Nguo ya kuazima haisitiri matako, na programu iliyokatwa kwa kipimo cha mtu mwingine haina tofauti.

Miaka michache iliyopita mami alipatwa na presha ya macho. Daktari alitueleza kwamba kilichopotea pembeni hakirudi tena, na kwamba matone ya dawa ni ya kulinda kilichobaki. Katikati anaona vizuri. Pembeni hamna kitu. Yeye mwenyewe husema anatazama dunia kupitia tundu la bobini. Cherehani tuliirudisha nyumbani tukaifunika kwa kitambaa, na hilo alilikubali bila kelele nyingi. Kitu alichokataa katakata kukiacha ni kurasa za vifo.

Nyumbani kwetu gazeti lilisomwa kuanzia nyuma, marehemu kwanza, wanasiasa baadaye. Macho yalipopungua, zile herufi ndogo zikawa zinamkimbia. Kaka yangu, ambaye anaishi Thika karibu naye, alisema asikilize matangazo ya redio, au msichana anayemsaidia kazi za nyumbani awe anamsomea. Mami akamwambia yeye si mtoto wa kusomewa. Kiburi kilikuwepo, sikatai, nami nimekirithi chote. Lakini kulikuwa na sababu nyingine.

Kulikuwa na mtu aliyekuwa akimtafuta. Kando ya cherehani yake pale sokoni aliketi mama mmoja muuza viazi, aliyekuja kutoka magharibi mwa nchi akimfuata mume aliyekuwa akifanya kazi kwenye shamba la kahawa. Mami ni Mkikuyu, yule si Mkikuyu, wakaelewana kwa Kiswahili chao cha kuokoteza na chai ya thamosi moja. Macho yalipoanza kufifia, muuza viazi ndiye aliyegundua kabla yetu sisi watoto. Hakusema lolote. Alianza tu kumtungia uzi kwenye sindano kila asubuhi kabla wateja hawajafika, sindano nyingi, akazipanga kwenye kipande cha sponji ili mtu yeyote asimwone mami akihangaika. Kisha soko likajengwa upya, wenye vibanda wakatawanyika, simu ya mami ikaibwa na namba zote. Jina la yule mama hakulijua. Sokoni hakuna anayekuuliza kitambulisho. Mmoja alikuwa mwenye viazi, mwingine mwenye cherehani, na ilitosha.

Basi kila asubuhi mami alikuwa akizipitia sura za marehemu, na akifika mwisho anasema, "Leo hayuko." Kisha anakunywa chai yake kwa furaha, kwa sababu kama hayuko pale, basi yuko mahali.

Ni mtu gani mwingine angemsomea hilo? Redio haina sura. Msichana wa kazi hakuwahi kumwona muuza viazi. Kwa hiyo nilimpelekea mami laptopu yangu ya zamani na kumfungulia gazeti la mtandaoni, nikidhani nimemaliza. Nilikuwa sijaona vita. Kila ukurasa ulikuwa na vidirisha vya matangazo vinavyoruka, na alama ya kuvifungia huwekwa kwenye kona, na kona ndicho kitu ambacho mami hana. Alikuwa anakaa mbele ya tangazo la mkopo kama mtu aliyefungiwa nje ya nyumba yake.

Nikampima. Nilichukua utepe wake mwenyewe nikaushika juu ya skrini, nikamuuliza herufi zinapotelea wapi kulia, wapi kushoto. Kisha nikaandika kiprogramu kidogo cha kupachika kwenye brauza. Kiliua kila kinachoruka. Kilileta kila kitu katikati, marehemu mmoja baada ya mwingine, picha kubwa kwanza na maneno chini yake, na kibonyezo kirefu cha chini kwenye kibodi kikawa cha kwenda kwa mwingine. Mami alikijaribu, akasema, "Haiya. Hii sasa imenikaa." Nimewahi kusifiwa na mabosi, sijawahi kusifiwa hivyo.

Asubuhi moja ya Jumatatu brauza ilijisasisha yenyewe. Hata lile swali lake la uongo haikuliuliza. Ikakizima kiprogramu changu na kuandika kwamba hakiaminiki tena, na kwamba hatua hiyo imechukuliwa kwa usalama wa mtumiaji. Mtumiaji alinipigia simu.

"Wamerudi," akasema.

"Nani, mami?"

"Hao watu ya matangazo. Wamejaa hapa kila mahali na sioni pahali ya kuwafungia."

Nilikuwa Gitothua, ninakoishi na kufanyia kazi, na wiki hiyo tulikuwa tunakabidhi mradi. Nikamwambia nitafika Jumapili. Kaka yangu akapita kwake jioni ile ile, na kwa nia njema kabisa akawasha ile hali ya kusoma inayokuja na brauza, ambayo wenyewe wanaisifu kwamba imetengenezwa kwa wenye macho dhaifu. Herufi kubwa, ukurasa safi, hakuna tangazo. Akanitumia picha ya skrini na ujumbe: "Imeisha hiyo. Si lazima kila kitu uandike upya, sis." Ilikuwa imeondoa matangazo yote. Ilikuwa pia imeondoa picha zote.

Mami alimuuliza picha ziko wapi. Akamjibu kwamba hazina haja, majina yote yako hapo. Mami hakubishana, na mami asipobishana ujue kuna kitu kimevunjika. Akasoma hivyo wiki nzima.

Jumapili nilifika baada ya kanisa. Kaka yangu alikuwepo, na tulianza kurushiana maneno hata kabla chai haijamiminwa. Nikaing'oa ile brauza, nikaweka nyingine inayomruhusu mwenye kompyuta kuamua, nikapachika kiprogramu changu upya. Ili kukijaribu nikafungua kurasa za wiki ile, kuanzia za karibuni kurudi nyuma. Sura zikarudi, moja baada ya nyingine, mami kando yangu na kikombe chake.

"Ngoja," akasema. "Rudi hapo."

Nikarudi. Alikuwa mama wa makamo mwenye kitambaa cha kanisa kichwani, anacheka na upande mmoja wa mdomo.

"Huyu ni mwenye viazi."

Chini yake palikuwa na majina matatu ambayo hakuna kati yetu aliyewahi kuyasikia. Mama mpendwa wa mwalimu fulani na muuguzi fulani. Maombi yangefanyika Alhamisi kanisani Mwihoko, na mazishi Jumamosi, nyumbani magharibi. Alhamisi ilikuwa imepita. Jumamosi ilikuwa jana.

"Hii niliisoma," mami akasema. "Jumanne. Nikasema maskini huyu mama ya watu. Nikamuombea, nikapita."

Kaka yangu akasema kwa sauti ndogo, "Lakini jina lilikuwa hapo, mami."

"Jina ya nani? Mimi simjui na jina."

Mwihoko ni karibu na kwangu. Ningeweza kumchukua mami Alhamisi ile, tukafika maombi yakiwa hayajaanza. Nilihisi hasira iliyonipanda mpaka masikioni, na sitaki kuipunguza hapa ili nionekane mtu mwema. Kaka yangu alijaribu kusema hata wale wa brauza hawakukusudia, wametengeneza kitu kizuri tu. Nikamuuliza, kwani walimpima? Walikaa mahali wakaamua kwamba mtu mwenye macho mabovu anataka herufi, kwamba sura ni takataka sawa na tangazo la mkopo, na hawakumwachia mahali pa kusema hapana. Alitaka tugawane lawama kama familia. Yake nilimsamehe papo hapo, maana yeye alifika siku ile ile na mimi nikasema Jumapili. Ya wale wa brauza nilikataa kuibeba, na mpaka leo naikataa.

Wiki iliyofuata tulienda Mwihoko kutoa pole, tukaelekezwa nyumba pale kanisani. Ilikuwa nyumba ya kupanga kwenye ghorofa, viti vya kukodi bado vimepangwa ukutani. Binti wa marehemu, yule muuguzi, alitukaribisha kwa heshima tu, kama wageni wengine wasiojulikana. Mami hakujua aanzie wapi.

"Mimi ni yule wa cherehani," akasema. "Ya Thika."

Yule dada akasimama na birika mkononi.

"Wa sindano?"

"Ndio. Wa sindano."

"Woi, mama. Mum alikuwa anakuongelea kila saa. Alikuwa anasema siku moja ataenda Thika akuulize, siku hizi ni nani anakutungia uzi."

Mami alilia. Alikuwa hajawahi kulia mbele yangu, hata siku ile ya daktari, na sikujua nimshike wapi. Aliposema, alisema neno moja.

"Hakuna."

Alipewa karatasi ya ibada yenye picha, akaomba pia asomewe lile jina polepole. Njiani kurudi alilitamka mara kadhaa, akilijaribu mdomoni. "Ni jina nzuri," akasema mwishowe. "Lakini haimkai."

Najua nitakachoambiwa na wataalamu wenzangu kuhusu usalama. Masasisho ya usalama namwekea mwenyewe, Jumapili, nikiwa nimeketi kando yake, nikimweleza kila kinachoingia. Mengine yote hayaingii. Na lile swali la sasa au baadaye, nimelitegea. Likijitokeza kwenye laptopu ile, kiprogramu changu kinalifunika kwa kitufe kimoja tu, kikubwa, katikati kabisa ya skrini, kimeandikwa HAPANA.

Jumapili ya kwanza baada ya kukiweka, swali lilijitokeza. Kabla sijafungua mdomo mami alikuwa amekibonyeza, kwa nguvu kuliko ilivyohitajika. Kisha akaanza sura zake, moja baada ya nyingine, bila haraka. Alipofika mwisho akasema, kama kawaida yake, "Leo hayuko."

Halafu akakumbuka. Nilinyoosha mkono kuifunga laptopu, nikidhani kazi ya kurasa zile imeisha, akanipiga kofi dogo kwenye vidole.

"Bado kuna yule mama ya samaki pale sokoni," akasema. "Na mzee wa viatu." Akarudi mwanzo kuzitazama tena.